Mafunzo Saba Niliyopata Tulipoutetea Mtaa Wetu wa Lamu

Karatasi yenyewe ilibandikwa kwenye ukuta wa gofu lililo nyuma ya nyumba yetu, upande wa Mkomani. Ilikuwa na ukubwa wa ukurasa wa daftari, na mvua ya usiku ilikuwa imeshafuta nusu ya maandishi. Niliisoma kwa sababu mimi ni mwalimu, na maandishi hayanipiti. Ilisema kwamba kiwanja kile kimeombewa kibali cha kujenga nyumba ya wageni ya ghorofa tano, yenye mkahawa juu ya paa. Mwenye pingamizi alete kwa maandishi.

Gofu lile nilikua nikilijua. Paa lake lilianguka nilipokuwa darasa la tano, na mwarobaini ukaota palipokuwa msana wa nyumba. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitalipigania. Lakini jioni ile ile majirani walikutana barazani, wakauliza nani anaweza kuandika barua nzuri, na macho yote yakanigeukia. Nikawa katibu wa kamati kwa miaka mitatu.

Jengo lile leo limesimama. Lina ghorofa tatu badala ya tano, halina mkahawa juu, na madirisha yake yanatazama njia badala ya kutazama ndani ya nyumba za watu. Mengine tuliyapata, mengine tuliyakosa. Naandika niliyojifunza kwa sababu najua yaliyotukuta sisi yanaikuta pia Mombasa kwenye Mji wa Kale, yanaikuta Zanzibar kwenye Mji Mkongwe, na yatafika kila mji wa pwani ambao bado una kitu cha kutamaniwa.

1. Kitaje kwa jina kile unachokitetea

Barua yetu ya kwanza niliiandika mimi, na haikufaa. Niliandika kwamba jengo litaharibu haiba ya mji wetu wa kale, mji ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Jibu lilikuja la mistari miwili: mradi umezingatia haiba ya mji. Na kweli, kwenye mchoro kulikuwa na matao na mlango wa nakshi. Kila mtu alikuwa anaitetea haiba, hata aliyekuja kuivunja.

Bi jirani yetu, mtu mzima aliyepita miaka sabini, ndiye aliyenifumbua macho. Alinishika mkono asubuhi moja akaniambia, "Mwanangu, njoo uone." Tukaingia kwenye gofu, tukapanda ngazi zilizosalia hadi palipokuwa ghorofa ya pili. Akaninyoshea kidole chini. Niliiona nyumba yake yote ya ndani: kanga zimeanikwa, mjukuu wake anaogeshwa kwenye karai, binti yake ameketi kwenye mkeka kichwa wazi anasukwa nywele. "Hapa ni ghorofa ya pili," akasema. "Wao wataketi ya tano, na kahawa mkononi."

Siku ile ndipo nilipoielewa nyumba niliyozaliwa ndani yake. Nyumba ya Lamu imejengwa kwa stara. Ukitoka njiani unaingia dakani, ule ukumbi mdogo wa mlangoni, kisha njia ya kuingilia inapinda, ili anayepita nje asione ila ukuta. Madirisha ya nje ni machache. Mwanga na upepo huingia kupitia kiwanda, ule uwazi wa katikati usio na paa, na misana, yaani kumbi za ndani, hufuatana mmoja nyuma ya mwingine mpaka ufike ndani kabisa, kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu dari hubebwa na boriti za mkoko, na boriti haivuki sana mita tatu. Upana wa chumba umetokana na mti, na mpango wa nyumba umetokana na haya. Ukijenga ghorofa tano katikati ya nyumba kama hizo, hata ukiweka milango kumi ya nakshi, umeshazivua nguo nyumba zote za jirani.

Barua ya pili haikuwa na neno haiba. Ilitaja nyumba tisa ambazo viwanda vyake vingeonekana kutoka juu. Ilitaja upepo wa kusi utakaozibwa, na nyumba zitakazokosa upepo huo. Ilitaja uchochoro ambao punda wawili wenye mizigo hupishana kwa tabu, na kuuliza mchanga na kokoto za ghorofa tano zitapita wapi, kwa miezi mingapi. Barua hiyo haikujibiwa kwa mistari miwili. Tuliitwa kwenye ofisi inayotoa vibali. Neno haiba halina anwani, lakini kiwanda cha Bi jirani kina anwani.

2. Mali bila daftari hupotea bila habari

Tulipopanga kwenda ofisini, wazee walitaka twende na hoja zetu kifuani. Mimi niliwaomba twende na karatasi. Ile ilani iliyonyeshewa nilikuwa nimeipiga picha kwa simu siku ile ile niliyoiona, na picha hiyo ikawa na thamani kuliko hotuba zote. Ilionyesha tarehe, na ilionyesha kwamba ilani ilibandikwa kwenye ukuta unaoelekea uchochoro ambao watu wengi hawaupiti.

Sheria ya Kenya ya mipango na matumizi ya ardhi, ya mwaka 2019, inamtaka anayeomba kibali autangazie umma mradi wake, na tangazo lenyewe liwaalike watu walete pingamizi. Hatukuijua sheria hiyo mpaka kijana mmoja wa mtaani anayesomea uanasheria Mombasa alipotutumia. Tulipoomba kuona michoro, tuliambiwa faili liko kwa afisa mwingine. Tukarudi wiki iliyofuata, bado liko kwa afisa mwingine. Wiki ya tatu tulikwenda na barua iliyotaja kifungu cha 35 cha Katiba, kinachompa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Faili likapatikana siku hiyo.

Nilijifunza mazoea matatu, na nayafundisha kila anayeniuliza. Kwanza, kila barua iandikwe nakala mbili, na nakala yako irudi na muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Pili, kila ulilojibiwa kwa mdomo, liandike jioni hiyo hiyo na uwatumie waliokujibu: "Leo mmetuambia hivi." Tatu, hesabu siku. Leseni ya mazingira ikishatolewa, anayetaka kuipinga mbele ya Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ana siku 60 tu. Nimewaona watu wa mtaa mwingine wakija na machozi ya kweli na hoja nzito katika mwezi wa tano baada ya leseni. Machozi yao yalipokewa kwa heshima, kesi yao haikupokelewa.

3. Sahihi ya kuhudhuria si sahihi ya kukubali

Mwezi wa nne tuliitwa kwenye kikao cha ushirikishwaji wa umma. Kulikuwa na soda, sambusa, na nauli kidogo kwa kila aliyefika. Mlangoni tulipewa karatasi tuandike jina, nambari ya kitambulisho na sahihi. Mtaalamu aliyetumwa alionyesha picha za jengo kwa nusu saa. Maswali yakachukua dakika kumi, kisha ikasemwa muda umekwisha.

Miezi miwili baadaye tuliisoma ripoti. Orodha ile ya mahudhurio ilikuwa imeambatishwa chini ya kichwa kilichosema kwamba jamii imeunga mkono mradi. Jina langu lilikuwa la kumi na nne. Nililitazama kwa muda mrefu. Mwandiko ni wangu, sahihi ni yangu, na maana iliyopewa si yangu.

Watu wa Lamu tunalijua jambo hili kuliko wengi, kwa sababu lilishaamuliwa hapa hapa kwetu, na kwa mradi mkubwa zaidi. Mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 ulipangwa kujengwa Kwasasi, upande wa bara, na ukapewa leseni ya mazingira mwaka 2016. Wakazi walikwenda mahakamani. Tarehe 26 Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira iliifuta leseni ile, na sababu kubwa ilikuwa ushirikishwaji. Vikao vilikuwa vimefanyika, lakini vilifanyika kabla ya utafiti wenyewe kukamilika, na watu hawakurudishiwa ripoti waisome na kuitolea maoni. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 2018, Mahakama Kuu ilikuwa imeamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walioathiriwa na ujenzi wa bandari ya Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, na ikakubali kwamba haki ya watu ya kupewa habari na haki ya utamaduni wao vilikiukwa.

Maamuzi hayo yalikuwa yameandikwa kwa jasho la wavuvi na wazee wetu, nasi tulikuwa tumekaa nayo bila kuyatumia. Tangu siku ile kamati yetu ina desturi. Tukiitwa kikaoni, kila anayetia sahihi anaandika pembeni ya jina lake: "Nimehudhuria tu." Mmoja wetu anaandika muhtasari wetu wenyewe. Na kabla ya watu kuondoka, muhtasari unasomwa kwa sauti, mbele ya wote, na kila upande unasema kama ndivyo ilivyosemwa.

4. Kijana anayetaka kazi naye ni jirani yako

Pingamizi lililoniuma zaidi lilitoka nyumbani. Mpwa wangu, kijana wa miaka 24, aliweka kijiko chini wakati wa chakula cha usiku akaniambia kwa adabu, "Shangazi, nyinyi mnaopinga mna mishahara."

Sikuwa na la kumjibu. Alimaliza shule wakati mbaya. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 Lamu iliwekewa amri ya kutotoka nje usiku, na wageni wakapotea. Walipoanza kurudi, likaja janga la korona la mwaka 2020. Kijana ameona jahazi zimefungwa gatini misimu miwili mizima, kisha anasikia kuna mtu anataka kujenga hoteli na shangazi yake anazunguka na barua ya kumkataza. Kwa upande wake, mimi ndiye niliyekuwa nikivunja mji.

Tuliwaita vijana. Wazee walinung'unika, lakini tuliwaita, na kikao kile kilikuwa bora kuliko vyote. Vijana waliuliza maswali ambayo sisi hatukuyawaza. Kazi ni ngapi, na za muda gani? Mafundi watatoka wapi? Mawe yatanunuliwa kwa wachongaji wa Maweni kule kisiwani Manda, au litajengwa kwa matofali ya saruji kutoka bara? Mpwa wangu ndiye aliyependekeza yawe maswali ya maandishi, na kila moja lijibiwe kwa maandishi. Majibu yalipokuja, ahadi ya ajira kwa wenyeji ilikuwa sentensi moja isiyo na nambari hata moja.

Hapo ndipo msimamo wetu ulipobadilika. Badala ya kusema hapana na kunyamaza, tuliandika tunachokubali: jengo la ghorofa tatu, lisilopita urefu wa nyumba za jirani, kuta za mawe na chokaa upande wa njiani, madirisha yasiyotazama viwanda vya watu, mafundi wa Lamu wapewe kazi kwanza. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji hawezi kupona ikiwa vijana wake wamekaa barazani bila kazi, wala hawezi kupona ikiwa mgeni amekaa juu ya kichwa chake. Tangu tulipoandika hivyo, vijana walisimama nasi, na afisa hakuweza tena kusema kwamba wanaopinga ni wazee wasiotaka maendeleo.

5. Uliza maji yatatoka wapi

Swali lililopunguza ghorofa mbili halikuwa la utamaduni. Liliulizwa na mzee mmoja wa kijiji jirani cha Shela aliyekuja kutusikiliza tu. Alisubiri watu wote wamalize, kisha akasema, "Vyumba thelathini, kila kimoja na bafu lake. Maji?"

Ukumbi ulinyamaza. Mji wa Lamu hunywa maji ya visima vya Shela. Mvua inyeshapo juu ya vilima vya mchanga vya Shela, maji huzama taratibu, mchanga ukayachuja, na yakakaa chini kama tabaka la maji matamu juu ya maji ya bahari. Tabaka hilo ndilo tegemeo letu. Ukivuta kwa pupa, maji ya chumvi hupanda. Ukijenga juu ya vilima, unaziba mlango ambao mvua huingilia, na taka za vyoo hushuka mle mle. Ndiyo maana watu wa Shela wamekuwa wakipinga viwanja kukatwa kwenye vilima vyao, na kwa muda mrefu sisi wa mjini tuliwaona kama wanaogombania mchanga.

Mimi nafundisha watoto mzunguko wa maji kila mwaka. Nachora wingu, mvua, mto na bahari. Sikuwahi kuchora vilima vya Shela na mfereji wa nyumbani kwetu katika picha moja. Ile miezi ya kaskazi, kabla ya masika, mfereji wetu hutoa maji kwa zamu, na kuna siku chai ina ladha ya chumvi. Sikuwahi kuuliza kwa nini.

Basi tuliuliza kwa maandishi: maji kiasi gani kwa siku, kutoka chanzo gani, na maji machafu yataelekea wapi ikiwa chini ya mtaa mzima kuna visima vya zamani na mashimo ya vyoo yaliyokaribiana. Mwekezaji alileta hesabu ya kwanza, ikarudishwa. Alileta ya pili, ikarudishwa. Ya tatu ilikuja na mchoro mpya wa ghorofa tatu. Popote mtakapopinga ujenzi, msiishie kwenye sura ya jengo peke yake. Fuateni bomba mpaka lilikoanzia, na fuateni choo mpaka kinakoishia.

6. Nyumba isiyotunzwa inatoa ushahidi dhidi yako

Katika kikao kimoja yule mtaalamu alitutazama akauliza, "Gofu hili lina miaka mingapi?" Tukamwambia, zaidi ya thelathini. "Katika miaka hiyo," akasema, "nani kati yenu aliweka jiwe?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Wenye nyumba walihamia Mombasa na wengine Uarabuni, nasi tuliobaki tulilitazama likianguka ghorofa baada ya ghorofa. Nyumba hizi hufa kuanzia juu. Chokaa ya paa ikipasuka na isizibwe, mvua hushuka kwenye vichwa vya boriti vilivyozama ukutani, boriti huoza, dari hukatika, na ukuta usiobanwa na dari hufunguka. Usipoziba ufa utajenga ukuta: kwetu sisi hii ni kanuni ya fundi kabla haijawa methali.

Baada ya kikao nilimwita fundi mmoja mkongwe wa chokaa aje kuangalia nyumba yetu wenyewe. Alipita msanani bila kusema kitu, akasimama kwenye ukuta ambao baba yangu aliupiga plasta ya saruji, tukafurahi kuwa ni mgumu na laini. Fundi aliugonga kwa kifundo cha kidole. Ulilia kama debe tupu. Akachomeka ncha ya mwiko kwenye ufa mdogo, akavuta, na kipande cha ukubwa wa sinia kikadondoka. Nyuma yake matumbawe yalikuwa yamelowa na kugeuka unga wa chumvi. "Jiwe hili lilitoka baharini, lina unyevu wake," akaniambia. "Chokaa huliacha lipumue. Saruji imelifunga pumzi." Baba yangu alitumia akiba ya miaka kuifanyia nyumba yake ubaya, kwa nia njema kabisa.

Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883, iliporomoka Zanzibar ikiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafa. Hilo ni mojawapo ya majengo mashuhuri zaidi ya pwani yetu, limo ndani ya mji wa Urithi wa Dunia, na bado uchakavu wa miaka mingi ulilishinda. Jina kubwa halizuii mvua.

Najua gharama. Serikali iliposimamisha ukataji miti mwaka 2018, mikoko ikiwemo, boriti zikawa adimu, na watu wengi wakakimbilia nondo na zege. Lakini sasa kamati yetu huchangishana kila mwezi, kidogo kidogo, na kila mwaka kabla ya masika tunakagua mapaa ya mtaa na kuziba nyufa. Yule fundi mkongwe ana vijana wanne anaowafundisha kuchoma na kuloweka chokaa. Mmoja wao ni mpwa wangu.

7. Dalali hubisha hodi, lakini mlango hufunguliwa kutoka ndani

Funzo hili nimeliweka mwisho kwa sababu ndilo zito kwangu.

Wakati bado tunapigana na ghorofa tano, nyumba ya babu yetu kule Langoni iliuzwa. Warithi tulikuwa kumi na mmoja, wengine hatujuani vizuri. Dalali alikuja kwa kila mmoja peke yake. Kwa mwenye karo ya kulipa alizungumza karo, kwa mwenye mgonjwa alizungumza hospitali. Fungu la kila mmoja halikutosha kununua chumba popote, ila lilikuwa fedha taslimu. Nilikataa kwa miezi mitano. Kisha dada yangu akahitaji upasuaji, na nikatia sahihi. Mkono ulioandika barua za pingamizi ndio uliotia sahihi ya kuuza.

Nyumba ile imekarabatiwa vizuri, na mnunuzi hajavunja sheria yoyote. Lakini imefungwa sehemu kubwa ya mwaka. Lile baraza ambalo babu alikaa kila baada ya alasiri, na watu wakasimama kuamkiana, sasa hakai mtu. Mtoto wa mtaani akianguka pale mbele, hakuna mlango wa kugonga. Jiwe limebaki, jirani ameondoka. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba mji unaweza kupotea huku kila ukuta wake umesimama.

Laiti tungekaa pamoja mapema, kulikuwa na njia. Sisi ni watu wa madhehebu ya Shafii, na sheria ya shufaa inampa mshirika katika mali isiyogawanywa haki ya kulichukua fungu la mwenzake linapouzwa kwa mtu wa nje, kwa bei ile ile. Wazee wetu waliijua. Sisi hatukumwuliza hata kadhi. Kulikuwa na njia ya kupangisha ghorofa ya chini na kulipana taratibu. Kulikuwa na wakfu, ambao ukishawekwa hauuzwi wala haurithiwi. Hizo njia zote zinahitaji jambo moja ambalo dalali alihakikisha halitokei: warithi kuketi chumba kimoja.

Siwalaumu waliouza, maana nami nimo. Lakini nasema wazi kwamba hakuna barua, sheria wala mahakama itakayouhifadhi mji ambao wenyewe wanauuza fungu kwa fungu, kila mmoja kwa siri. Mwekezaji wa ghorofa tano tulimwona kwa sababu alibandika karatasi. Mauzo ya Langoni hayakubandikwa popote.

Kwa hiyo nakuomba wewe unayesoma, uwe Lamu, Mombasa, Pangani au Zanzibar: usisubiri karatasi ukutani. Wiki hii tembea mtaani kwako, uhesabu nyumba zilizofungwa na nyumba zinazovuja. Uliza ya nani, warithi wako wapi, na nani ana namba zao za simu. Andika. Kisha wapigie kabla dalali hajawapigia. Mtaani kwetu tumeshafanya hivyo. Nyumba ni 31, sita hazina mtu, na majina ya warithi wa zote sita tunayo kwenye daftari.